Kabla ya Kufungua Kitabu cha Kwanza Kati ya Kumi na Vinne

Januari 1990, kampuni ya Tor Books ya New York ilichapisha The Eye of the World, riwaya ya kwanza katika mfululizo wa The Wheel of Time. Mchapishaji, Tom Doherty, alikuwa akimfahamu mwandishi Robert Jordan kuwa si mtu wa kufupisha, akampa mkataba wa vitabu sita. Sita havikutosha. Jordan alifariki Septemba 2007 akiwa ametoa kumi na kimoja, na Brandon Sanderson akaimalizia hadithi kwa vitatu zaidi. Cha mwisho, A Memory of Light, kilitoka Januari 2013. Vyote pamoja vina maneno yapatayo milioni 4.4, ilhali The Lord of the Rings nzima haifiki hata nusu milioni.

Mtu akiona kurasa zaidi ya 10,000 zimepangwa rafuni, ana haki ya kusita. Kusita huko si uvivu. Msomaji ana kazi, ana watoto, ana masomo, na kitabu kinachomwomba miaka miwili ya jioni zake lazima kijieleze. Shida ni kwamba wengi husema tu "ni virefu mno" na kuishia hapo, wakati ndani ya maneno hayo mna hofu kadhaa tofauti: ya muda, ya kusahau, ya kuchoka katikati, ya hadithi isiyo na mwisho, na ya fedha. Dawa ya hofu moja haitibu nyingine. Anayeogopa kusahau majina hasaidiwi kwa kuambiwa asome haraka, na anayeogopa kuachwa njiani na mwandishi hasaidiwi kwa daftari.

Lipo kosa moja, hata hivyo, linalozikuza hofu zote: kuuchukulia mfululizo kama ahadi moja ya vitabu kumi na vinne. Hakuna aliyetia saini ahadi hiyo. Kinachoamuliwa leo ni kipande kinachofuata tu, na mifululizo mizuri ina mahali panapofaa kushuka. Msomaji wa Kiswahili analijua jambo hili tangu zamani. Utenzi wa Rasi 'lGhuli una beti zaidi ya 4,000, na utenzi wa urefu huo hausomwi kwa mkao mmoja. Alfu Lela Ulela imejengwa juu ya msimuliaji anayekatiza kila alfajiri. Urefu wa namna hiyo ulikusudiwa kuliwa kwa vipande.

Hesabu ya saa

Hofu ya muda hupungua ikiwekwa kwenye tarakimu. Msomaji wa kasi ya maneno 200 kwa dakika atahitaji saa 367 hivi kumaliza maneno milioni 4.4. Akitenga nusu saa kila siku, ni miaka miwili. Wengi wa wasomaji wa Afrika Mashariki wanasoma vitabu hivi kwa Kiingereza, ambacho kwao huwa lugha ya pili au ya tatu, kwa hiyo kasi ya maneno 150 ni ya kweli zaidi. Hapo saa zinafika 490, na nusu saa ya kila siku inakuwa miaka miwili na miezi minane.

Miaka miwili na miezi minane inatisha. Lakini kitabu cha kwanza peke yake kina maneno laki tatu hivi, na kwa kasi hiyohiyo kinakwisha katika siku sabini, yaani miezi miwili na ushei. Hiyo ndiyo hesabu ya kuifikiria. Mtu aliyewahi kufuata tamthilia ya televisheni ya vipindi mia moja ameshatoa saa nyingi kuliko hizo.

Nusu saa yenyewe inapatikana pale ilipo tayari. Anayekaa kwenye foleni asubuhi na jioni anaweza kusikiliza badala ya kusoma. Vitabu vya sauti vya The Wheel of Time vimesomwa na Michael Kramer na Kate Reading. Kramer anasoma sehemu zinazoonwa kwa macho ya wahusika wanaume, Reading za wanawake, na mpangilio huo humsaidia msikilizaji kujua mara moja yuko na nani. Kitabu cha kwanza kina takriban saa thelathini za kusikiliza. Kwa asiyezoea matamshi ya Kimarekani, njia nzuri ni kusikiliza sura mbili tatu za mwanzo huku akifuata maandishi, mpaka sikio lizoee.

Mifululizo haifanani

Kabla ya kuuogopa urefu ni vizuri kujua ni urefu wa aina gani. Aina zipo tatu.

Ya kwanza ni hadithi moja iliyokatwa vipande, kama The Wheel of Time. Kitabu cha tano hakieleweki bila cha nne. Ya aina hii pia ni Malazan Book of the Fallen ya Steven Erikson, vitabu kumi vilivyotoka kati ya 1999 na 2011. Erikson alisomea akiolojia na anthropolojia, na katika Gardens of the Moon anamtupa msomaji katikati ya vita vya dola kubwa bila kumweleza nani ni nani. Wapo wanaoipenda kazi hii kuliko zote, lakini kumpa mtu ambaye hajawahi kusoma mfululizo mrefu ni kumtafutia sababu ya kuacha.

Ya pili ni ya awamu. Robin Hobb ameandika vitabu kumi na sita kuhusu ulimwengu mmoja, kuanzia Assassin's Apprentice ya 1995 hadi Assassin's Fate ya 2017. Ukisikia kumi na sita unashtuka, lakini vimegawanyika katika awamu tano, nne zikiwa na vitabu vitatu vitatu na moja ikiwa na vinne. Anayemaliza vile vitatu vya mwanzo, vilivyotoka 1995 hadi 1997, amesoma hadithi yenye mwanzo na mwisho. Akitaka kuendelea, mlango uko wazi.

Ya tatu ni ya vitabu vinavyojitegemea ndani ya ulimwengu mmoja. Discworld ya Terry Pratchett ina riwaya 41, za kuanzia 1983 hadi 2015, na hakuna sababu ya kuanza na ya kwanza. Wasomaji wengi huelekezwa waanze na Guards! Guards! ya 1989, inayowahusu askari wachache wa zamu ya usiku katika mji wa Ankh-Morpork, au Small Gods ya 1992, inayosimama peke yake kabisa. Waliokulia na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wanaujua mpango huu: mtu aliweza kuanza na Kisima cha Giningi bila kuwa amesoma Mzimu wa Watu wa Kale, na akafuata upelelezi wote hadi mwisho.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayependekeza mfululizo si "viko vingapi?" Ni "nikisoma kimoja nikaacha, nitakuwa nimepata hadithi nzima?"

Sura kumi za kupima

The Eye of the World ina utangulizi na sura 53. Inaanza na kijana Rand al'Thor na baba yake, Tam, wakisukumana na upepo wa baridi iliyogoma kwisha, wakipeleka vinywaji kijijini Emond's Field kwa ajili ya sikukuu ya Bel Tine. Njiani Rand anamwona mpanda farasi mwenye joho jeusi. Upepo unavuma kwa nguvu, lakini joho la mtu yule halitikisiki. Anapogeuka kumwonyesha baba yake, hayupo.

Sura zinazofuata zinakwenda polepole: kijiji, wazee wake, mgeni wa kike aliyefika na mlinzi wake, vijana wanaosubiri fataki. Kisha usiku mmoja kijiji kinavamiwa, na kufikia sura ya kumi vijana wanakiacha. Jordan aliufananisha mwanzo huu na ule wa Tolkien kwa makusudi, ili msomaji aanzie mahali anapopajua. Anayelalamika kwamba ameshaisoma hadithi hii kwingine ajue kuwa mfanano huo unakwisha kadiri safari inavyosonga.

Sura hizo kumi, kwa msomaji wa kasi ya kawaida, ni kazi ya saa kama saba. Ndicho kipimo kinachofaa. Kurasa hamsini hazitoshi kwa kitabu kinachojengwa taratibu hivi, na kumlazimisha mtu amalize kurasa mia saba "ili aone" ni kumwonea. Akifika hapo ajiulize mambo mawili. Je, kuna mtu mmoja ndani ya hadithi ambaye anataka kujua yatakayompata? Na je, namna ya mwandishi kueleza, pamoja na maelezo marefu ya mavazi, farasi na hali ya hewa, inampumzisha au inamchosha? Ulimwengu wa ajabu peke yake haumfikishi mtu kitabu cha tano. Anayemfikisha ni mhusika anayemjali.

Akiridhika, kituo cha pili ni mwisho wa kitabu chenyewe, kwa sababu kina kilele chake. Cha tatu ni mwisho wa The Dragon Reborn, kitabu cha tatu, cha 1991. Vitabu hivyo vitatu vinafunga duara la kwanza la hadithi, na anayeshukia hapo amesoma maneno zaidi ya laki nane. Hana haja ya kusema kwamba alishindwa.

Majina elfu mbili

Wahusika wenye majina katika The Wheel of Time wanazidi elfu mbili. Hakuna msomaji anayewakumbuka wote, na Jordan hakutarajia hivyo. Wanaobeba hadithi ni kama kumi na watano. Waliobaki wanatambulishwa upya wanapohitajika, na nyuma ya kila kitabu kuna orodha ya watu, mahali na istilahi.

Kwa anayesoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwake kuna mtego wa ziada. Anakutana na neno asilolijua na hajui kama ni Kiingereza au limebuniwa na mwandishi. Anakimbilia kamusi, kamusi haina, anadhani kasoro ni yake. Neno ta'veren halimo katika kamusi yoyote ya Kiingereza, wala Trolloc. Lakini gleeman, msimuliaji na mwimbaji anayezunguka vijijini, ni neno la kale la Kiingereza ambalo hata wenye lugha hawalitumii tena. Kanuni inayosaidia ni hii: neno lililoandikwa kwa mlazo, lenye kistari cha juu katikati, au linaloanza kwa herufi kubwa bila kuwa mwanzo wa sentensi, lisitafutwe. Mwandishi atalieleza kwa matendo ndani ya sura chache. Kamusi ibaki kwa yale yanayorudi mara tatu na bado hayajaeleweka.

Daftari dogo linatosha kwa mengine. Mwisho wa kila kitabu aandike ukurasa mmoja: nani yuko wapi, yuko na nani, anatafuta nini, na siri ipi bado haijafunuliwa. Akirudi baada ya miezi minne ya mitihani au ya mtoto mchanga, ukurasa huo utamrudisha kwa dakika kumi.

Kutafuta majina mtandaoni ni hatari. Ukianza kuandika jina la mhusika kwenye simu, mtambo wa kutafuta huleta wenyewe mapendekezo ya namna anavyokufa au anayemuoa, na uhondo umekwisha. Orodha ya nyuma ya kitabu kilichopo mkononi ni salama zaidi.

Katikati panapolegea

Wasomaji wa Jordan wanakubaliana kwa jumla kwamba mwendo unapungua kuanzia karibu na kitabu cha nane, na kwamba pazito kuliko pote ni cha kumi, Crossroads of Twilight, cha 2003. Sababu inaeleweka. Cha tisa, Winter's Heart, kinaisha kwa tukio kubwa. Kisha sehemu kubwa ya cha kumi inarudi nyuma kueleza wahusika wengine walikuwa wapi na walikuwa wakifanya nini tukio hilo lilipokuwa likitokea. Hadithi inapanuka bila kusogea.

Sifa mbaya ya kitabu hicho ina sehemu yake ya historia. Waliokisoma kilipotoka walikuwa wamekisubiri kwa zaidi ya miaka miwili, na ili kupata cha kumi na moja walisubiri hadi Oktoba 2005. Msomaji wa leo anafunga kimoja na kufungua kingine kesho yake, na katika Knife of Dreams mwendo unarudi.

Hata hivyo asijitese. Sura inayomfuata mhusika asiyemvutia anaweza kuipitia mbiombio, akasoma mazungumzo na kuacha maelezo. Anaweza kuhamia kwenye sauti kwa kitabu kimoja kisha akarudi kwenye karatasi. Au apumzike kwa kitabu chembamba. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, chenye ndugu wawili waliogeuzwa manyani, au Nagona cha Euphrase Kezilahabi, ni vya ajabu pia, na vinasomeka katika mwisho wa juma mmoja. Kubadilisha lugha nako kunapumzisha akili.

Mwandishi asipomaliza

Hofu hii ina ushahidi. George R. R. Martin alitoa A Game of Thrones mwaka 1996 na kitabu cha tano, A Dance with Dragons, mwaka 2011. Tamthilia ya HBO iliyotokana navyo ilianza 2011 ikaisha 2019, na hadi mwanzoni mwa 2025 kitabu cha sita kilikuwa bado hakijatoka. Patrick Rothfuss alitoa The Wise Man's Fear mwaka huohuo wa 2011, na cha tatu kimesubiriwa tangu hapo.

The Wheel of Time ingeweza kuishia hivyohivyo. Mwaka 2006 Jordan aliwatangazia wasomaji wake kwamba ana ugonjwa wa amiloidosisi. Katika miezi iliyobaki aliacha maandishi na rekodi za sauti, pamoja na tukio la mwisho kabisa la hadithi. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa mfululizo tangu mwanzo, akamchagua Sanderson aukamilishe. Anayeanza leo anajua kwamba mwisho upo. Tamthilia ya Amazon Prime Video iliyoanza Novemba 2021 haiwezi kuchukua nafasi ya vitabu, maana ilisimamishwa 2025 baada ya misimu mitatu, hadithi ikiwa haijafika hata nusu.

Kwa mfululizo ambao bado unaandikwa, cha kuangalia ni kama kuna mwisho wa ndani. The Stormlight Archive ya Sanderson imepangiwa vitabu kumi, lakini katika nusu mbili. Cha tano, Wind and Truth, kilichotoka Desemba 2024, kinafunga nusu ya kwanza. Kwa Martin, kitabu cha tatu, A Storm of Swords, kinakamilisha mambo mengi yaliyoanzishwa na cha kwanza. Anayeamua mapema kushukia hapo atafurahia vitabu vitatu bila kinyongo.

Fedha na matoleo

Seti nzima isinunuliwe kwa mkupuo, hata ikiwa na punguzo. Kinunuliwe kimoja. Wauza vitabu vya mitumba wa Nairobi na Dar es Salaam huwa na riwaya hizi kwa bei nafuu, ila zinakuja zimetawanyika: cha nne kipo, cha kwanza hakipo. Namba mgongoni iangaliwe kabla ya pesa kutoka.

Ziangaliwe pia alama za matoleo ya Uingereza, ambayo ni mengi katika soko letu. Huko vitabu vinene hukatwa viwili katika jalada jepesi. A Storm of Swords inauzwa kama Steel and Snow na Blood and Gold, na The Way of Kings ina Sehemu ya Kwanza na ya Pili. Mtu anaweza kufika mwisho wa nusu ya kwanza akadhani mwandishi amemkatisha, kumbe ameuziwa nusu.

Mpangilio wa kusoma uwe ule wa kuchapishwa. New Spring, kitabu kinachosimulia mambo yaliyotangulia The Eye of the World, kilitoka 2004 baada ya cha kumi, na kinamchukulia msomaji kuwa anajua tayari wahusika ni akina nani. Narnia ina tatizo hilohilo: seti za siku hizi huipa The Magician's Nephew ya 1955 namba moja, ingawa C. S. Lewis alianza na The Lion, the Witch and the Wardrobe mwaka 1950, na mshangao wa kabati la nguo unafanya kazi vizuri zaidi kwa asiyeambiwa lilikotoka.

Pa kuanzia

Anayebanwa na muda aanze na A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya 1968. Ni nyembamba, ina visiwa, bahari na majahazi, na vitabu vingine vya Earthsea vinamsubiri bila haraka. Anayeogopa hadithi isiyokwisha achukue Mistborn ya Sanderson: vitabu vitatu vya mwanzo vilitoka 2006 hadi 2008, na cha kwanza kinajifunga chenyewe. Anayeogopa kusahau aende kwa Pratchett. Wawili wakisoma kitabu kimoja kwa pamoja, nyumbani au kazini, na kukubaliana wafike sura gani kila Jumapili, wote wawili watakumbuka zaidi na kuacha kwa nadra.

Na anayebaki na hamu ya Jordan baada ya haya yote atafute The Eye of the World peke yake, kwa kununua au kuazima, kisha atenge nusu saa kila siku kwa wiki mbili kwa ajili ya sura kumi za mwanzo. Kitabu cha pili, The Great Hunt, kilitoka Novemba mwaka uleule wa 1990 na kinapatikana kwa urahisi, hivyo hakuna haja ya kukitafuta kabla cha kwanza hakijafika ukingoni.